Ofa ya kazi ya Kanada iliyorudishwa: jinsi nilivyotatua

Nawaandikia wenzangu wa Mbeya na Iringa mnaofuatilia ukaazi wa kudumu nchini Kanada kupitia Mpango wa Uhamiaji wa Atlantiki, ule wa majimbo manne ya mashariki mwa nchi hiyo, likiwemo New Brunswick. Ombi la mwajiri wangu wa New Brunswick la kutaka ofa yangu iidhinishwe na jimbo lilirudishwa. Nilitafsiri upya barua ya uzoefu kutoka kiwanda cha chai nilichofanyia kazi Rungwe, nikaipeleka kwa wakili igongwe muhuri, nikaongeza hati za mishahara, haikusaidia.

Ufumbuzi ulikuwa kwenye namba ya kazi yenyewe katika orodha rasmi ya kazi ya Kanada (NOC), 94140, yaani waendesha mitambo ya kusindika vyakula. Tarakimu ya pili ndiyo daraja la mafunzo na uzoefu ambao kazi inahitaji: ikiwa ni 0 hadi 3, ofa ya angalau mwaka mmoja tangu upate ukaazi wa kudumu inatosha, lakini ikiwa ni 4, ajira haipaswi kuwa na tarehe ya mwisho. Barua yangu ilisema “miaka miwili”, muda ambao yeyote angeuona mrefu wa kutosha. Nilimwomba mwajiri, iwapo yuko tayari, aandike kwamba ajira ni ya kudumu na si ya msimu, na ataje saa za kila wiki, ambazo ni lazima zifike 30. Aliridhia, akawasilisha upya, na cheti cha uidhinishaji kikatoka. Hicho ndicho nilichoambatisha kwenye ombi la ukaazi.