Mabega yamekuja mbele? Chukua leso

Jamani sisi tunaoshinda kwenye kompyuta mabega yanakuja mbele kidogo kidogo mpaka shingo inatokeza kama ya kobe, halafu mtu anakwambia "kaa wima!", unatoa kifua, unabana kiuno, dakika mbili tu umechoka umerudi palepale. Mimi kinachonisaidia ni yoga ya mkanda, ule mtindo wa mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar wa kule Pune, India (alifariki 2014), yeye ndo alieneza sana mikanda na vipande vya mbao kwenye yoga. Mkanda sina, natumia leso, yaani kanga.

Ikunje iwe nyembamba, ishike huku na huku, mikono iachane zaidi ya upana wa mabega, nyoosha mbele alafu pandisha juu taratibu huku unavuta pumzi. Mbavu zisichomoke mbele, hapo ndo wengi tunadanganya! Mabega yakigoma we tanua mikono zaidi, usilazimishe.

Ukimaliza simama ukutani, mgongo na makalio vigusane na ukuta, kunja viwiko uteleze mikono juu chini. Inaonekana rahisi hadi ujaribu, aki. Ukisikia ganzi mpaka vidoleni acha kabisa, nenda hospitali wakuangalie.