Mgomba wa changaraweni

Leo ni wiki ya sita tangu nichorwe tatuu mkononi. Maganda yameisha kudondoka, ngozi imetulia, na nikinawa uso asubuhi mkono wa kushoto hauwashi tena. Nimekaa kibarazani hapa Kitangiri, Mwanza, ziwa liko kule chini halina hata wimbi, na nimeona niandike sasa kabla sijauzoea huu mchoro nikaacha kuuona.

Ni mgomba. Mgomba mmoja umesimama kati ya mawe mawili, una majani matano, moja limechanwachanwa na upepo. Hauna mkungu. Mizizi yake inaanzia juu kidogo ya kifundo cha mkono, na jani refu kuliko yote linakaribia kufika kwenye kiwiko.

Asili yake ni mambo mawili, methali niliyotupiwa na kitabu nilichosomewa na baba.

Methali kwanza. Tulikuwa kwenye kikao cha ukoo wa mume wangu, mwaka wa saba wa ndoa yetu. Wanawake tulikuwa uani tunamenya ndizi. Shangazi mmoja, bila kuinua macho, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mgomba changaraweni haupandwi ukamea." Hakunitaja jina. Wote waliokuwepo walijua mimba zangu tatu zimetoka, na ya mwisho ilikuwa na miezi mitano. Hakuna aliyejibu. Nakumbuka kisu changu kilivyosimama katikati ya ganda, na utomvu wa ndizi ulivyokuwa unakauka mweusi kwenye vidole vyangu. Nilimaliza kumenya zile ndizi zote. Siku ya pili nikapanga nguo kwenye begi, nikapanda meli ya kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, nyumbani kwa wazazi wangu.

Baba yangu ni Mkerewe, mwalimu mstaafu. Hakuniuliza kitu. Alinionyesha chumba changu cha zamani, na kesho yake asubuhi nikakuta vitabu viwili kwenye kiti karibu na kitanda, juzuu mbili zisizo na jalada, zimefungwa kwa kamba ya katani. Nilivitambua kabla sijavigusa. Ni *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*, cha Aniceti Kitereza. Nikiwa darasa la tatu baba alikuwa anatusomea vipande jioni, na kila akifika kwenye jina la mahali tunapopajua, kaka yangu alikuwa anaruka kwa furaha.

Kwa ambaye hajakisoma: Myombekere na Bugonoka wanapendana, lakini hawajapata mtoto. Ndugu wa mume wanaanza maneno. Wazazi wa Bugonoka wakichoka kusikia binti yao anasimangwa, wanamchukua na kumrudisha nyumbani. Myombekere anabaki peke yake. Anakwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anarudi kuhangaika mpaka pombe ipatikane, anaipeleka, na Bugonoka anarudi kwake. Baadaye wanapata mganga, wanapata mtoto wa kiume, kisha wa kike, na hadithi inaendelea na maisha ya wale watoto.

Kitereza alizaliwa 1896, akasoma kwa mapadre Kagunguli, kisha seminari ya Rubya. Hadithi hii aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Haikupata mchapishaji. Akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ndipo ikatoka mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki, nakala zikiwa bado hazijamfikia mkononi. Miaka 35 mtu anakaa na kazi yake ndani ya nyumba, akiwa na hakika kwamba ni kazi nzuri, na hakuna anayemwambia ndiyo. Nikiwa mtoto baba alipotuambia hilo niliona ni bahati mbaya tu. Kwenye kile chumba, nikiwa na miaka thelathini na moja, nililia kwa ajili ya mzee yule kama aliyekuwa babu yangu.

Watu wengi wanakipenda kitabu kile kwa sababu ya mila zilizomo, na ni kweli zimo: namna ya kuvundika ndizi na kukamua pombe, namna ya kusalimia ukweni, uvuvi, tiba, mazishi. Wengine wanakipenda kwa sababu mwishowe mtoto anapatikana. Mimi katika zile wiki tatu sikuweza kufika kwa mtoto. Kila nikifika pale Myombekere anapotoka nyumbani kwake kwenda ukweni, narudi nyuma naanza tena. Wakati ule hana uhakika wowote. Hakuna mganga, hakuna ahadi, na ndugu zake wanamwona hana akili. Anakwenda tu, kwa sababu nyumba bila Bugonoka anaiona si nyumba. Nilikuwa nalala na ukurasa ule.

Mume wangu alikuja wiki ya tatu. Ni fundi wa injini za mitumbwi kule Mwaloni, kwenye soko la samaki, na siku ile alifika na suruali yake safi ya kanisani lakini kucha zake bado zina grisi. Alibeba sukari kilo tano na kitenge cha mama. Nilikuwa jikoni, nikasikia anamwamkia baba: "Shikamoo, baba." Kisha kimya kirefu. Kisha baba akauliza, na sauti yake ilikuwa ya darasani ile ile:

"Mwanangu, umekuja kumchukua binti yangu azae, au umekuja kumchukua binti yangu?"

"Nimekuja kumchukua yeye, baba."

Hakuongeza neno. Mama alinishika bega, mwiko ukiwa bado mkononi mwake. Tuliondoka kesho yake na meli ya asubuhi, na baba alitupa mche wa mgomba uliofungwa kwenye kiroba chenye udongo mbichi. Mwendo mzima mume wangu aliuweka katikati ya miguu yake usigongwe na mizigo ya watu.

Wanaoijua Mwanza wanajua milima yetu. Nyumba zimekaa juu ya mawe, chini ya mawe, pengine jiwe lenyewe ndilo ukuta wa nyuma wa jiko. Kiwanja chetu ni hivyo hivyo. Mume wangu alitafuta upenyo kati ya mawe mawili nyuma ya jiko, changarawe tupu, akapandisha udongo kwa viroba kutoka chini barabarani, safari kumi na nne, nilizihesabu. Mche ukashika. Maji ya kuoshea vyombo yote yanakwenda pale. Mgomba ule haujawahi kutoa mkungu, na shina lake ni jembamba, lakini majani hatununui. Nikichoma sato nafunika na jani la pale. Majirani wanakuja kuomba wakiwa na shughuli.

Wazo la tatuu lilinijia mwaka huu, nilipokuwa namwaga maji ya vyombo na jua la jioni likapita kwenye lile jani lililochanika. Niliona picha yote, hata mahali itakapokaa. Nilimwambia mume wangu usiku. Akauliza kama inauma, nikasema nadhani inauma. Akasema, "Basi nitakusindikiza."

Sikwenda kichwa kichwa. Niliuliza, nikaenda mara mbili kuangalia kabla ya kukubali. Sindano zisizo safi zinaambukiza homa ya ini na Ukimwi, kwa hiyo nilitaka kuona kwa macho yangu. Kijana mwenyewe ana chumba ghorofani huku mjini, kitanda kimefunikwa nailoni inayobadilishwa kila mteja, na alifungua pakiti ya sindano mbele yangu, akavaa glavu mpya, akamimina wino kwenye kikombe kidogo kama kizibo cha soda, na akaniambia kinachobaki kitamwagwa. Aliniuliza kama nina kovu lolote lililovimba mwilini, kwa sababu kuna ngozi zikijeruhiwa zinaota nyama. Nikamwonyesha kovu langu la chanjo ya utotoni begani. Akalipapasa, likawa bapa, akaridhika. Aliniambia pia kwamba kwenye ngozi yetu mistari myembamba sana na iliyobanana huja kuungana kadiri miaka inavyokwenda, hivyo atanenepesha shina na kuacha nafasi kati ya mishipa ya majani. Nilimwamini kuanzia hapo.

Alinyoa vinywele vya mkono, akasafisha, akabandika karatasi ya kunakilia, akaibandua, na mgomba ukabaki pale kwa rangi ya zambarau. Aliutazama akainamisha kichwa.

"Dada, niweke mkungu? Hapa pembeni pamebaki wazi. Utapendeza."

"Hapana, mdogo wangu. Acha hivyo hivyo."

"Hata mche mmoja hapo chini?"

"Hata huo."

Alinitazama, halafu akamtazama mume wangu aliyekaa kwenye kigoda mlangoni. Sijui aliona nini. Akasema, "Sawa, dada," na akawasha mashine.

Sauti ni ile ya mashine ya kinyozi. Maumivu ni kama siafu wanaotembea kwa mstari mmoja, wanakung'ata kila hatua bila kuruka hata mahali. Kwenye shina nilivumilia vizuri. Karibu na kifundo cha mkono, mfupa ulipokaribia, machozi yalitoka yenyewe. Mume wangu akasogeza kigoda akanishika mkono wa pili. Kwa saa mbili na nusu hatukuzungumza hata maneno kumi.

Kuna jambo nililisoma baadaye na bado linanirudia. Ngozi ya juu hubanduka na kujijenga upya kila wakati, ndiyo maana wino hupelekwa chini yake, milimita moja au mbili. Mwili unaona kitu kigeni, unatuma chembe zake za ulinzi zikimeze. Zinaumeza wino, lakini haziwezi kuusaga, basi zinakaa nao palepale. Zikifa, nyingine zinakuja na kuupokea. Hivyo ndivyo mchoro unavyodumu: mwili unaushika, na unarithishana.

Wiki za kwanza nilifuata kila nilichoambiwa. Kuosha kwa sabuni isiyo na harufu, kupaka mafuta kidogo sana, kutokuna, kutoka juani nimevaa mikono mirefu, na kutoingia ziwani mpaka kidonda kifunge. Hilo la mwisho lilinipa shida. Kukaa Mwanza siku zile za joto halafu usiguse maji ya ziwa! Siku ya tano mgomba ulianza kubanduka, ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu, nikaogopa kwamba unaondoka wote. Chini yake ulikuwepo.

Nililoliogopa kuliko sindano lilikuwa mama. Alikuja mwezi uliopita kumsindikiza mdogo wangu kliniki. Nilikuwa nampakulia ugali, mkono wa gauni ukapanda. Mama yangu anaijua Biblia. Aliweka bakuli chini akaniambia Walawi 19:28, taratibu, kama anavyomwambia mtoto asiingie barabarani, pale Waisraeli wanapokatazwa kujichanja kwa ajili ya wafu na kujiandika alama mwilini. Kisha akanyamaza, na nikaona neno lililomkaa kooni ni lile la wafu.

"Ni kwa ajili ya wale watatu?"

Sikuwa nimesikia mtu akiwahesabu kwa sauti tangu siku ile ya mwisho. "Hapana, mama," nikasema. "Wale ninao mahali pengine. Huu ni wangu. Na wa aliyenifuata."

Hajakubali, na sitaki kuandika hapa kwamba amekubali. Lakini baada ya chakula aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya paja lake, akafuata ukingo wa jani kwa kidole mpaka pale lilipochanika, akauliza kama hili limechanika kwa bahati mbaya au lilichorwa hivyo. Nikamwambia lilichorwa hivyo. Akatikisa kichwa. Mama yake mwenyewe, bibi yetu wa Magu, alikuwa na chale mbili pande zote za kitovu. Tulipokuwa wadogo tukimuuliza alituambia ni za dawa tu, akashusha nguo. Nadhani sote wawili tulikuwa tunazifikiria zile chale, na hakuna aliyezitaja.

Leo asubuhi nilikwenda Mwaloni kununua dagaa. Pale wauzaji wakikuita wanataka wakuite kwa mtoto wako, na miaka yote hii swali la "mama nani?" limekuwa likinifanya nibadilishe meza. Mama mmoja mtu mzima alikuwa ananipimia sado, akaniuliza hivyo hivyo, na kabla sijajibu macho yake yakatua mkononi.

"Huo mgomba mbona hauna mkungu?"

"Hauna, mama."

"Na umeota kwenye mawe."

"Ndiyo. Uko nyumbani, nyuma ya jiko."

Akaujaza sado mpaka ukawa na kichuguu, akaongeza konzi moja juu yake, akafunga mfuko. "Mimi nakaa Mabatini," akasema. "Ninao kama huo. Wanangu wanataka niukate."

"Usiukate, mama."

"Siukati," akasema, akanipa chenji yangu.