Daiodi nene, tundu jembamba

Jumamosi
Pawasaplai imekufa tena. Ni ile bodi ya kuunga mwenyewe ninayotaka iendeshe redio ya gari hapa chumbani, Chikongola, Mtwara. Sauti ikiwa ndogo haina neno. Nilipoipandisha, daiodi mbili (vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) kati ya zile nne za baada ya transfoma ziliungua. Zilikuwa 1N4007, za ampea 1 tu. Nimenunua 1N5408, za ampea 3, nikarudi mbio, kumbe miguu haiingii. Mguu wa zile za zamani ni milimita 0.8 hivi, wa hizi ni kama 1.25, na tundu la bodi halifiki hata 1.1.

Nikaponda ncha moja kwa nyundo. Ujinga mtupu. Ulichopungua unene ukaongezeka upana, na tundu ni la duara.

Jumapili
Nimepanua tundu moja kwa keekee ya 1.3, nikiizungusha kwa vidole. Daiodi ikazama vizuri, nikatia risasi ya kulehemu, ikang'aa. Halafu mita ikakataa kulia, yaani umeme haupiti, kati ya mguu ule na kapasita, kipuri kinachohifadhi umeme baada ya daiodi. Nikayeyusha risasi upya mara tatu. Kimya.

Jumatatu
Nimeipeleka kwa mzee mmoja fundi redio karibu na soko. Shikamoo, marahaba, akaiinua bodi kwenye mwanga.

"Hii ina njia juu na chini. Mwanangu, umekata bomba."

Ndiyo hivyo. Kwenye bodi ya pande mbili, ndani ya tundu kuna ukuta mwembamba wa shaba unaounganisha njia ya juu na ya chini. Keekee yangu iliukwangua wote. Bodi ya upande mmoja ingevumilia, mradi pete ya shaba inayozunguka tundu isiishe. Mimi nilikuwa natazama upande wa chini tu, kwenye risasi yangu nzuri.

"Punguza mguu, tundu liache," akasema, akarudi kwenye redio yake. Hela hakutaka.

Jumanne
Tupa ndogo, koleo, uvumilivu. Nimebana kila mguu karibu na mwili wa daiodi ili nguvu isiufikie, nikaukunja, kisha nikapiga tupa ncha tu huku nikiizungusha, hadi ikaingia bila kulazimishwa. Nimepunguza shaba karibu nusu, lakini ni kipande kifupi, maana bodi yenyewe ina unene wa milimita 1.6. Hainitishi.

Tupa huondoa ile bati ya juu na kuacha shaba wazi, na kwa hewa yetu ya chumvi shaba haikawii kupiga weusi. Kwa hiyo kila ncha niliyomaliza niliipaka risasi papo hapo, safu nyembamba kabisa. Ya kwanza niliipaka nyingi, ikanenepa upya, nikarudi kwenye tupa.

Daiodi zote zimesimama milimita 5 juu ya bodi, zipate hewa. Nafasi hiyo imeokoa lile tundu nililoharibu: nimeuchomelea mguu wake juu na chini, sasa mguu wenyewe ndiyo bomba. Mita imelia.

Jumatano
Transfoma ni ya volti 12. Kwenye kapasita, bila mzigo, nimepata 16.3, kabla ya regileta, kipuri kinachotuliza volti. Redio imecheza saa nzima kwa sauti ya kukera majirani. Daiodi ni za moto kiasi, kidole kinavumilia. Regileta ndiyo haishikiki. Kesho natafuta kipande cha aluminiamu cha kuipoza.