Anayekumbuka ni Yeye

"Ee nafsi yangu, umhimidi Bwana, wala usizisahau fadhili zake zote." (Zaburi 103:2)

Wapendwa, mstari huu tunaupenda na tunaufungulia ibada. Wiki hii naomba tuusikie kwa masikio ya mtu aliyeumia ubongo, iwe kwa ajali, kwa kuanguka vibaya au kwa kiharusi, na sasa hajui kama asubuhi alisali au hakusali. Ya zamani anayo. Atakusimulia siku aliyobatizwa, na nyimbo za utotoni ataziimba bila kitabu. Ila ulichomwambia sasa hivi kimekwenda. Atakuuliza tena na tena, na kwake kila swali ni jipya.

Ndani ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Ndiyo inayosaidia jambo la leo lihifadhiwe hadi kesho. Ikijeruhiwa, mambo mapya hayashiki. Huo si uzembe, si dhambi, wala si pepo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa wapo waliosimamishwa mbele ya kusanyiko wakemewe "roho ya usahaulifu", wakarudi nyumbani na aibu juu ya jeraha.

Na aibu hiyo haiishi upesi. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya kazi yao na watu walioumia hipokampasi. Waliwaonyesha vipande vya filamu, vingine vya kuhuzunisha, vingine vya kufurahisha. Baada ya muda mfupi mengi ya waliyoyaona yalikuwa yamewatoka, lakini huzuni ilikuwa bado imo moyoni, na furaha vilevile. Tafadhali likae hili akilini mwa kila anayesema, "Nikienda kumwona kuna faida gani, hatakumbuka kwamba nilikuja?" Atabaki na amani uliyomwachia, hata asipojua imetoka wapi. Na ukimfokea "Si nimeshakuambia!", atabaki na hilo pia.

Ndugu mmoja wa kikundi chetu cha maombi hatembei bila daftari. Aliniruhusu nilisome. "Nimekunywa dawa ya asubuhi. Usinywe tena." Chini yake: "Wageni wa kanisani wamekuja. Tumesali. Nimefurahi." Kuna aliyewahi kumwambia kwamba kutegemea daftari ni upungufu wa imani. Nasema wazi, hilo si kweli. Katika Kumbukumbu la Torati 6, Mungu aliwaagiza watu wenye bongo nzima waandike maneno yake kwenye miimo ya milango. Katika Yoshua 4 aliagiza mawe kumi na mawili yatolewe Yordani, ili watoto waulize na wazazi wasimulie. Mungu mwenyewe ndiye aliyetuwekea vikumbusho, sasa tunamlaumuje mwenye daftari na kengele ya simu?

Turudi kwenye zaburi. Inaanza kwa kuiambia nafsi isisahau. Lakini ukifika mstari wa 14, anayekumbuka si nafsi tena: "Kwa maana Yeye anatujua umbo letu, na kukumbuka ya kuwa sisi tu mavumbi." Mimi hapo ndipo ninaposimama kwa ajili ya ndugu huyu. Asubuhi ambayo hawezi kuzitaja hata mbili katika fadhili za Bwana, bado yumo katika kumbukumbu ya Bwana. Wokovu wake haukuwekwa mikononi mwa hipokampasi.

Kwa hiyo ukikutana naye, usimpime kwa "Unanikumbuka?" Jitambulishe kwa jina, mwambie mnajuana wapi, kisha endelea na habari. Akichanganya mambo, akaziba pengo kwa jambo ambalo halikutokea, usimwite mwongo. Ubongo wake unatafuta kuunganisha vipande. Chumba chenye kelele humchosha haraka, basi waende wachache. Kabla ya kuondoka, mwandikieni kwenye daftari kwamba mlifika na mliomba nini pamoja.

Halafu yupo anayemuuguza, anayejibu swali lilelile tangu alfajiri. Mara nyingi tunamwambia "Mungu akutie nguvu" na kupita. Jumapili hii mwulizeni ni siku gani mnaweza kuja kukaa na mgonjwa, ili yeye alale.