Siku moja chini ya lori linalovuja oili

Saa 1:00 asubuhi. Lori limelala mahali tambarare, na chini ya injini limetandikwa boksi lililokunjuliwa. Boksi hilo husema mengi kabla mtu hajashika spana. Tone jeusi na jepesi ni oili ya injini ya dizeli. Zito lenye harufu kali ya salfa ni la giaboksi au difu, gia za ekseli ya nyuma. Leo madoa yote ni meusi, na yote yapo chini ya nyumba ya klachi, kasha lililo kati ya injini na giaboksi. Dipstiki, kijiti cha kupimia oili, napima injini ikiwa baridi, kabla ya kuwasha: imebaki karibu na alama ya chini.

Saa 2:00 dereva kashafika, na hukumu anayo tayari. "Fundi, hiyo ni sili ya nyuma ya kranki. Nimeshaambiwa. Teremsha giaboksi tumalize, mzigo unanisubiri."

Hapo ndipo asubuhi inapoliwa. Hasemi upuuzi, maana sili ya nyuma, mpira unaozuia oili pale kranki inapotokeza nyuma ya injini, ikifa, oili hutokea palepale, kwenye tundu la chini ya nyumba ya klachi. Lakini oili haikai ilipotokea. Huteremka kwa uzito wake, kisha feni na upepo wa barabarani huisukuma nyuma. Kona ya juu ya injini ikivuja, oili hufuata ukuta wa bloku, ikapita juu ya nyumba ya klachi na kudondoka mahali pale pale. Kuifikia sili ya nyuma ni kufungua propela shafti, kuteremsha giaboksi yenye mamia ya kilo, klachi, na flaiwili, gurudumu zito lililofungwa nyuma ya kranki. Ni siku nzima ya watu wawili. Ukishafunga vyote ukakuta tone bado lipo, huyo huyo aliyekuharakisha ndiye atakayeuliza ulikuwa unafanya nini.

"Sasa utafanyaje, bosi?"

"Nitaiosha."

Anacheka. Kuosha injini huonekana kazi ya kijana wa gereji, si ya fundi, kumbe nusu ya utafutaji iko hapo. Kwenye injini iliyopakwa oili na vumbi la miezi huoni kitu, unabahatisha tu.

Naosha ikiwa baridi. Altaneta, soketi za waya, kompyuta ya injini na mdomo wa hewa vinafunikwa kwa nailoni. Sabuni ya kuyeyusha grisi inakaa kama dakika 10, brashi inapita kwenye kona, kisha maji ya presha ndogo. Presha kubwa huingiza maji kwenye soketi na kukuletea ugonjwa mwingine. Mwisho hewa ya kompresa, mpaka pakavu kabisa.

Kabla ya kuwasha, nafungua kifuniko kidogo cha chini ya nyumba ya klachi na kupitisha kitambaa cheupe. Ndani pakavu, nyuma ya flaiwili pakavu. Dereva anaangalia kitambaa, hasemi neno.

Saa 5:00 hivi. Kabini inainuliwa, vitu vilivyolegea ndani vikiwa vimetolewa, na kizuizi cha usalama kinafungwa kabla ya mtu kuingiza kichwa. Napuliza poda nyeupe kwenye maungio yote yanayoshukiwa: tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), kikombe cha filta, kipoza oili, bomba la turbo la kurudisha oili, kompresa ya breki. Injini inazungushwa kama mizunguko 1,200 kwa dakika mpaka ipate joto la kazi, maana oili baridi ni nzito na uvujaji mwingine haujitokezi. Kwa tochi na kioo kidogo natafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa. Zilizo chini yake zimelowa kwa kudondokewa tu.

Baada ya dakika 20 hivi, mstari mweusi unakata poda kwenye kona ya nyuma ya tapeti kava.

Kazi haijaisha, kwa sababu gasketi, kizibo kinachobanwa chini ya kava, haifi bila sababu. Nafungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta: kinasukumwa na gesi. Bomba la kupumulia la injini limeziba kwa tope la oili. Gesi inayopenya kwenye ringi za pistoni ikikosa njia hujenga presha ndani na kutafuta ungio dhaifu. Ukibadilisha gasketi ukaacha bomba, utairudia.

Mchana wote umekwenda kwenye boliti za nyuma. Huzioni, unazigusa, soketi fupi na rachi inayozunguka robo, shingo imepinda, na injini bado ina joto. Gasketi imekauka kama plastiki, inatoka vipande vipande. Naziba matundu kwa vitambaa na kukwangua kwa kikwaruo cha plastiki. Diski ya kusugulia haigusi hapa: unga wake huingia kwenye oili na kula beringi.

"Mbona silikoni unaipaka kidogo? Paka nyingi, fundi."

Hapana. Inayozidi hubanwa kwenda ndani, hukatika, na kuziba chujio la pampu ya oili kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Inawekwa pale tu hedi, kichwa cha injini, inapokutana na kasha la gia za taimingi, mstari wa milimita 2 au 3. Boliti zinakazwa kwa awamu, katikati kwenda nje, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Kukaza kwa nguvu za mkono hupinda kava, na kava iliyopinda haizibi tena.

Jua limeshazama wakati naifungia brida mpya, yaani bomba la kupumulia. Gesi inayotoka sasa ni ya kawaida. Ingeendelea kusukuma kifuniko, tungekuwa tunazungumzia ringi zilizochoka. Oili inaongezwa taratibu, 15W-40 ileile, mpaka chini kidogo ya alama ya juu, si zaidi. Injini inawashwa, inaendeshwa mpaka ipate moto, inazimwa, dakika 15 za kusubiri, dipstiki tena. Poda mpya imebaki nyeupe.

Dereva naye anaambiwa ukweli: oili ya zamani iliyojificha juu ya nyumba ya klachi itadondoka matone machache siku moja au mbili. Alaze boksi chini kila akilala, apime dipstiki asubuhi. Matone yakipungua, sawa. Yasipopungua alete lori, na boksi alilete pia.