Fungu Likibaki Kama Mkeka

Jana jioni simu ya mume wangu ilileta ule ujumbe wa kila msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini, kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa: upepo mkali wa kufikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya kufikia mita 2, watu wa Tanga, Unguja na Pemba wachukue tahadhari. Akausoma kwa sauti, kama anavyosoma kila kitu, hata risiti ya umeme. Kitinda mimba wetu akauliza, "Baba, mita mbili ni kama mlango?"

"Kama mlango," akasema. "Ila mlango hautembei."

Kisha akanitazama. Nikainuka kwenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa na haja ya kuangaliwa.

Mnaomjua mnajua anavyoisimulia safari yetu ile ya mashua, kutoka Unguja kwenda Pangani. Kwake ni kichekesho: mke anatapika, godoro linaelea, nahodha anaimba. Tangu meli ya Spice Islander izame mwaka 2011 aliipunguza, maana ni bahari ile ile, na mbele ya watu waliozika jamaa zao haichekeshi. Lakini nyumbani bado huitoa. Mimi huwa naongeza chumvi hapa na pale, basi. Upande wangu sijawahi kuusema.

Ilikuwa Julai 2003, ndoa yetu ina miezi mitano. Dada yangu anaolewa Pangani siku ya Ijumaa, sisi tuko Mkokotoni, Unguja, na zawadi yetu ni godoro la sufi la kitanda cha futi tano. Kulipandisha boti ya Dar es Salaam, kisha basi hadi Muheza, kisha gari jingine la Pangani, gharama yake ingezidi ya godoro lenyewe. Ami yake alikuwa na mashua isiyo na mashine. Baharia waliyeahidiana naye akaamka na homa.

"Weye mtu wa Pangani," mume wangu akaniambia, "hujapata kushika kamba?"

Nilikuwa nimepata kushika kamba ya mbuzi.

Mkokotoni maji yakitoka huenda mbali mno, chombo kikabaki kimelala kwenye tope. Na ile ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa sana na kutoka sana, maji yanajaa saa kumi alfajiri. Kwa hiyo tukatweka tanga gizani. Ndani ya mkondo wa kisiwa cha Tumbatu, Unguja yote inakukinga na kusi, nikajiona mimi ni baharia wa kuzaliwa. Mtoto wa maji! Nikaanza hata kumwelekeza.

Ukiipita Tumbatu upande wa kaskazini, kinga inakwisha. Sikuona upepo ukija, niliona tanga linavimba na foromali, mti unaobeba tanga, inalia, na mashua ikainuka shetri, upande wa nyuma, kama mtu anayesukumwa mgongoni kwenye foleni. Mume wangu alikuwa ameukumbatia usukani. Akatazama nyuma, akatazama mbele, akanitazama mimi.

"Wasemaje? Twende au turudi?"

Nimeifikiria sauti ile miaka yote hii. Hakuipandisha. Aliniuliza kama mtu anayeuliza chai iwe ya rangi au ya maziwa. Kwetu aliamua baba, baba alipofariki akaamua kaka, na hata posa yangu niliisikia ikijadiliwa nikiwa nyuma ya pazia. Leo mtu amenishika macho katikati ya maji ananiuliza mimi. Sikujua lolote. Sikujua kwamba kwenda ni mteremko, kusi iko mgongoni, na kurudi ni mbisho, kuukata upepo kwa chombo cha watu wawili ambao mmoja wao ni mchunga mbuzi. Nilijibu kama mtu aliyepewa maikrofoni kwenye harusi.

"Twende."

Mambo yaliyofuata mpaka saa nne sina mengi ya kuyasema. Nilitapika. Nilichota maji ngamani, chini kabisa ya chombo, kwa dumu lililokatwa, nikatapika ndani ya dumu, nikaendelea kuchota. Mara mbili tulipigwa wimbi la ubavuni na godoro likanywa. Alitaka kulitupa baharini. Nikakataa: hatukuwa na jaketi la kuokolea hata moja, na niliwahi kusikia kwamba zamani majaketi yenyewe yalijazwa sufi.

Hakwenda moja kwa moja Pangani. Saa nne ya bamvua ni maji kupwa, na mto wa Pangani ukiwa unatoka kwa nguvu hukutana mlangoni na mawimbi ya kusi yanayoingia, hapo ndipo vyombo hupinduka huku watu wa Bweni, ng'ambo ya mto, wakitazama. Akapinda nyuma ya fungu la mchanga la Maziwe, upande usio na upepo, akatia nanga. Ghafla kelele zikapungua. Nikasikia masikio yangu mwenyewe.

Wazee wetu walikuwa wakituhadithia Maziwe yenye mivinje na kasa wanaopanda kutaga. Mivinje ilikwishaanguka kabla sijapata akili, bahari ikakila kisiwa kikabaki mchanga. Siku ile ulikuwa mchanga mweupe mrefu kama uwanja wa mpira, shakwe wamejipanga juu yake wote wameelekeza midomo kwenye upepo. Nyuma yake mawimbi yalikuwa yakipasuka, naona vichwa vyao tu vikichungulia.

"Nalala kidogo," akasema. "Maji yanajaa. Fungu likibaki kama mkeka, niamshe."

Akalala kweli, shavu juu ya godoro lililoloa, mikono bado imekunjika kama imeshika usukani. Viganja vilikuwa vimechubuka, vinatoka maji ya damu. Nikakaa na dumu langu, nachota maji, natazama saa yangu ya mchanga. Uwanja wa mpira ukawa ua wa nyumba. Ua ukawa sebule. Shakwe wakasogeleana. Kila kidogo kilicholiwa, wimbi moja zaidi lilipita juu na kuja kututingisha, na nikaelewa taratibu, kama mtu anayehesabu deni, kwamba mahali tulipojificha panazama na sisi tunakusubiri kuzama kwake ili tuweze kuondoka.

Likabaki kama mkeka. Sikumwamsha.

Sijui kwa nini. Nikijihurumia nasema nilimhurumia. Nikijisema ukweli, nilikuwa na hasira, na pia nilipenda kwamba kwa muda ule hakuna aliyejua lolote duniani isipokuwa mimi. Likawa kama msala wa mtu mmoja. Shakwe wa mwisho akaruka. Ndipo mashua ikavuta nanga kwa kishindo, akafumbua macho, akatazama pale palipokuwa na fungu, akanitazama.

"Mkeka wa nani huo?" akasema, akaruka kwenye tanga.

Mlangoni tulipita saa tisa na kitu, mawimbi matatu makubwa, Bweni kushoto, nimefumba macho. Mama alitupokea ufukweni, akalitazama godoro linalochuruzika, akauliza kama tumelivua. Lilianikwa siku nne. Dada anasema mpaka leo likipata joto linanuka sifa, yale mafuta ya papa ya kupaka vyombo.

Jana usiku, watoto wamelala, nikamuuliza hatimaye. "Siku ile, pale Tumbatu, ningesema turudi, ungerudi?"

Akacheka kidogo. "Kwa kusi ile? Tungerudi vipi?"

"Sasa uliniuliza nini?"

Akakoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha yeyuka zamani. "Ulikuwa umenyamaza kwa muda mrefu," akasema. "Mtu akinyamaza chomboni ni hatari. Nilitaka nijue bado una sauti."

Miaka yote hii mimi ndiye niliyeamua. Nimewahi hata kumtupia katika ugomvi: "Mimi ndiye niliyesema twende!" Naye hakuwahi kunikatalia.

"Na ule mkeka," akaongeza, "kwa nini hukuniamsha?"

Nikamwambia chai imepoa, nimpashie nyingine.