Msiba wa Mtu Nisiyemjua

Ilikuwa mwanzoni mwa Januari 2017, jioni, nimekaa jikoni kwa shangazi yangu mjini Oxford, najifanya naandika insha ya falsafa. Siku ya tatu hiyo na sijavuka aya ya kwanza. Shangazi alikuwa anapiga pasi sare yake. Alikuwa na zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na basi lake lilikuwa la saa mbili na nusu. Simu ikatetemeka. Mwanafunzi mwenzangu alikuwa ameandika maneno mawili: Parfit amefariki.

Sijui nilitoa sauti gani, ila shangazi aliweka pasi chini.

"Nani?"

"Derek Parfit, yule mwanafalsafa."

"Pole, mwanangu. Alikuwa mwalimu wako?"

Nikamwambia hapana, sikuwahi hata kumwona. Alikuwa ameshastaafu chuo cha All Souls tangu 2010, nami nilikuja baadaye sana. Nilikuwa nasoma kitabu chake tu. Shangazi hakuona ajabu. Kwake msiba ni msiba, na una maswali yake ambayo lazima yaulizwe. Alikuwa na miaka mingapi? 74. Kaacha watoto? Hakujaliwa. Mke je? Yupo, nikasema, Janet Radcliffe Richards, naye mwanafalsafa. Walikuwa pamoja miaka mingi, wakaja kufunga ndoa 2010.

"Mbona walichelewa hivyo?"

"Alikuwa na kazi nyingi."

"Kazi gani hiyo?"

Hapo nikakwama, nikakimbilia yaliyo rahisi. Kwamba alizaliwa Chengdu, China, mwaka 1942, wazazi wake madaktari wa misheni. Kwamba alisoma historia katika chuo cha Balliol kabla ya kuhamia falsafa, kisha akaingia All Souls, chuo kisicho na wanafunzi wa shahada ya kwanza, akadumu humo zaidi ya miaka 40. Kwamba alivaa nguo za aina moja kila siku ili asipoteze muda kuchagua, na kahawa yake aliikoroga kwa maji ya moto ya bomba, kwa kuwa kungoja birika lichemke ni muda pia.

"Ya bomba?" Shangazi alicheka mpaka akashika meza. "Na mke yupo!"

Nikaongeza habari ya picha. Miaka na miaka alikuwa akisafiri kwenda Venice na St Petersburg kupiga picha za majengo, anasubiri mwanga aupendao.

"Majengo yaleyale?"

"Yaleyale."

Akatikisa kichwa, akageuza shati upande wa pili. "Sasa huyo bwana alisema nini mpaka macho yako yawe hivyo?"

Nikamweleza habari ya mashine. Iko katika kitabu chake cha 1984, *Reasons and Persons*. Unaingia chumbani, unabonyeza kitufe, unapoteza fahamu. Mashine inasoma kila seli ya mwili wako, inauteketeza mwili huo, inapeleka taarifa kwenye sayari ya Mirihi. Huko mashine nyingine inaunda mwili mpya kwa mata mpya, wenye kumbukumbu zako zote, hata kidonda ulichojikata kwenye mdomo wa juu asubuhi wakati wa kunyoa. Je, umesafiri au umekufa?

Nilikuwa sijawahi kuyasema hayo kwa Kiswahili, na nilipoyasema nikashtuka. Katika insha nilikuwa nimetumia aya nzima kuonya kwamba neno moja la Kiingereza, *same*, hubeba maana mbili: kufanana kabisa, na kuwa kitu kimoja. Sasa shati lilikuwa pale mezani. Shangazi ana sare mbili. Zinafanana, hakuna anayezitofautisha. Lakini hii anayoipiga pasi ni ileile aliyoivaa jana. (Najua nasi huchanganya; mtu husema kavaa nguo zilezile za wenzake. Lakini mtu akiulizwa "ni yuleyule, au wanafanana tu?" haombi ufafanuzi.)

"Wa kule wanafanana tu," shangazi alisema bila hata kufikiri.

Nikamletea kisa cha pili, ambacho Parfit alikipanga kwa ujanja. Mashine imeboreshwa, haiteketezi tena mwili wa huku. Unatoka mzima, ila imekuharibu moyo. Utakufa baada ya siku chache. Unaongea na nakala yako iliyoko Mirihi. Inakuliwaza: inampenda mkeo kama unavyompenda, itawalea watoto, itakimalizia kitabu chako.

Pasi ilisimama. "Toba! Ataingia nyumbani kwangu?"

"Ana kumbukumbu zako zote."

"Hata awe nazo. Mimi ndimi niliye huku, nangoja kufa. Yule ni pacha aliyechelewa kuzaliwa."

Wengi hujibu hivyo, na Parfit alijua. Yeye alisema ukishajua yote kuhusu ubongo, mwili, na mnyororo wa kumbukumbu na nia unaounganisha leo na jana, hakuna jambo jingine la ziada lililojificha, la kusema huyu ndiye au siye. Na hata kama lingekuwepo, hilo silo la kulilia. Linalofaa kujaliwa ni ule mnyororo, nao unaweza kuwa mzito au mwembamba.

Nikamsomea kwa kutafsiri ukurasa niliokuwa nimeukunja pembe. Anasimulia kwamba alipokuwa akiamini kuna nafsi iliyo kando na hayo yote, alijiona amefungwa ndani yake. Maisha yalikuwa kama handaki la kioo, kila mwaka analipita mbio zaidi, na mwisho wake ni giza. Alipoacha kuamini hivyo, kuta zikatoweka. Akajikuta nje, kwenye hewa. Watu wengine wakawa karibu naye zaidi, na kifo chake mwenyewe kikapungua uzito.

"Alikuwa mpweke huyo," shangazi akasema.

Nilikuwa nimeusoma ukurasa ule labda mara kumi, kila mara nikaona uhuru. Upweke ulikuwa mlemle na sikuuona.

Akaning'iniza shati kwenye mlango. Kisha, taratibu, akaanza habari ya mzee mmoja wa kule kazini. Hajui yuko wapi, hajui mwaka. Bintiye akija anamwita bibi. "Huo mnyororo wenu kwake umekatika. Mimi ndiye ninayemwogesha, najua kovu lake la goti liko palepale. Mwalimu wako angesema huyo si yeye tena?"

Nikasema angesema swali lenyewe huenda halina jibu, kwamba viungo vimebaki vichache.

"Kwa hiyo nimwache?"

"La. Angesema maumivu ni maumivu, yawe ya nani. Umtunze hata kama si yuleyule."

Alinitazama kidogo. "Basi kulikuwa na haja gani ya kwenda mpaka Mirihi?"

Akavaa koti, akatoka mbio kuwahi basi.

Insha niliiandika usiku ule, na haikuwa nzuri. Nilimpinga Parfit kwa kovu la goti, na mwalimu wangu akaandika pembeni kwamba kovu ni hoja ya mwili, jambo ambalo Parfit alishalijibu. Ni kweli alilijibu. Bado sioni kama shangazi alikuwa anazungumzia mwili.

Alirudi asubuhi, viatu mkononi ili asiniamshe, akanikuta macho.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hujalala?" Akakaa, akasugua vifundo vya miguu. "Yule mzee kahangaika usiku kucha. Alfajiri kaniita kwa jina la dada yake."

"Ukamwambiaje?"

"Niliitika abee. Kiswahili kabisa, sijui kilinitokaje." Akapiga miayo. "Akalala."